Umepima wapi?

Betri ilikuwa na wiki tano tu.

Nakumbuka vizuri kwa sababu nilipobonyeza kitufe na kusikia ile "tak" moja kavu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu wiki. Taa za dashibodi zilikuwa zimewaka, zikafifia, saa ikarudi sifuri. Pikipiki yangu ya magurudumu manne, ile ambayo wengi tunaiita kwadi, ilikuwa na tela la kuni nyuma, nami nimeshavaa buti. Nikabonyeza tena. Tak.

Nikaleta mita ya kupimia umeme, nikagusisha ncha zake kwenye vichwa vya betri. 12.05.

Niliitazama namba ile nikapata faraja. Betri ya volti 12 ina volti 12. Basi betri ni nzima, ugonjwa uko kwenye stata, ile mota inayoamsha injini.

Mita haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye usomaji wangu, na limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kila nikiosha kwadi linanirudia, ndiyo maana nimeona niliandike lote, pamoja na sehemu zinazoniuma.

## Volti 12 si betri iliyojaa

Betri ya risasi na asidi ina seli sita, na kila seli iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi. Kwa hiyo betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu. Kwenye 12.2 ni nusu. Kwenye 12.0 umebaki na robo.

Kati ya betri iliyojaa na betri inayokwanguliwa kuna tofauti ya volti 0.7 hivi. Ndiyo hiyo tu. Nilikuwa nimezoea kuzikata desimali kana kwamba ni vumbi, kumbe habari yote ilikuwa ndani ya desimali.

Na hata ukisoma desimali vizuri, bado umeiuliza betri swali jepesi. Umeikuta imekaa kimya, hakuna inachobeba. Swali zito ni lile la kuiwekea ncha za mita huku mtu anabonyeza kitufe cha kuwasha. Stata inakula ampea nyingi sana kwa sekunde hizo chache, na betri yenye afya hubaki juu ya volti 9.6 hivi, nyingi hubaki juu ya 10. Yangu ilianguka hadi 8.7.

Hapo nikajua si stata. Na hapo hapo nikarudi kwenye hukumu ya zamani: betri mbovu, nimeuziwa kitu kibovu tena.

Tena, kwa sababu hii ilikuwa ya pili ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza ilikufa hivi hivi, nikaitoa, nikaweka mpya, nikapanda nikaondoka. Sikujiuliza imekufa kwa nini. Betri ndicho kitu tunachokiona kikifa, kwa hiyo ndicho tunachokizika.

## Mtungi, bomba na mchotaji

Usiku ule nilijilazimisha kufikiri kama mtu ambaye haruhusiwi kununua chochote.

Ukiamka ukakuta mtungi mkavu, yako mambo matatu. Mtungi umepasuka. Au hakuna anayejaza. Au kuna anayechota usiku watu wamelala.

Nilikuwa nimebadilisha mtungi mara mbili. Yale mengine mawili sikuyagusa hata kwa kidole.

Nikaanza na mchotaji, kwa sababu kwadi yangu hukaa. Zipo wiki ninaitumia kila siku, halafu inalala siku kumi.

## Wanaokunywa usiku

Ufunguo umezimwa. Nikafungua waya wa hasi kwenye betri, nikahamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha nikaiweka mita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye waya niliouchomoa. Kila kinachotoka kwenye betri sasa kinapita ndani ya mita. Ukipima hivi usiguse kitufe cha kuwasha kabisa. Mita ya kawaida haiwezi kupitisha ampea za stata, na utaunguza fyuzi yake kabla hujasoma chochote.

Nikasubiri dakika kadhaa, maana vyombo vya siku hizi vina kompyuta ndogo inayochukua muda kulala. Namba ikatulia kwenye miliampea 31.

Kwa chombo kama hiki ningetarajia miliampea chache tu, za kutunza saa na kumbukumbu. 31 ni mtu anakunywa.

Nikaenda kwenye kisanduku cha fyuzi, nikachomoa moja. 31. Nikachomoa ya pili. 31. Ya tatu, ya nne, hadi zote zikawa mezani zimepangwa kwa mstari, na mita bado inasema 31.

Hapo nilikaa chini.

Nilidhani mita imeharibika. Nikaikagua kwa taa ndogo, ikawa sawa. Nikadhani waya umechubuka mahali fulani chini ya tangi, na wazo la kufungua plastiki zote likanichosha kabla sijaanza. Nadhani nilikaa pale robo saa nzima, ndipo nikaangalia vichwa vya betri kwa macho badala ya mita. Kwenye kichwa cha chanya kulikuwa na waya wa kwadi yenyewe, waya mnene wa winchi (mashine ya kuvutia mizigo), na waya mmoja mwembamba sana.

Ule mwembamba niliuweka mimi.

Ulikuwa unakwenda kwenye soketi ya kuchajia simu niliyoifunga kwenye usukani. Niliuunga moja kwa moja kwenye betri kwa sababu ilikuwa rahisi, na ili niweze kuchaji hata ufunguo ukiwa umezimwa. Ndani ya soketi ile kuna kijisakiti kinachoshusha volti 12 kuwa 5, na kijisakiti hicho hakilali hata kama hakuna simu. Na kwa kuwa waya haupiti kwenye kisanduku cha fyuzi, ningechomoa fyuzi zote mpaka asubuhi na isingesaidia kitu.

Nikauchomoa. Mita ikashuka hadi 2.

Hesabu yake hii hapa. Miliampea 29 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 0.7 kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 14. Siku kumi, nusu imekwenda. Siku ishirini, hakuna kitu. Na kwadi yangu hulala siku kumi!

Niliona nimemaliza. Niliuhamisha waya ule ukapita kwenye rilei, swichi ya umeme inayopitisha umeme pale tu ufunguo ukiwashwa, nikauwekea fyuzi yake, nikaichaji betri usiku kucha, nikalala kwa raha.

Siku nne baadaye, baada ya safari tatu fupi, tak.

## Mjazaji

Hii ndiyo sehemu iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Siku nne hazitoshi kwa mchotaji, hata kama angekuwepo. Maana yake betri ilikuwa haijazwi. Niliiwasha kwa nyaya za jampa, zile za kuazima umeme wa betri nyingine, nikapima kwenye betri injini ikinguruma taratibu: 12.6. Nikapiga resi hadi mizunguko kama 3,000 na taa zimewashwa: 12.9.

Injini ikiwa katika mwendo huo, ulitakiwa kuona kitu kati ya 13.5 na 14.5. Kwa 12.9 unawasha taa tu, hujazi betri. (Na ukiona zaidi ya 15, zima. Hapo betri inachemshwa.)

Kwenye vyombo hivi umeme huzalishwa na sumaku zinazozunguka pamoja na injini, zikizunguka koili zilizotulia. Kutoka kwenye koili hutoka nyaya tatu, mara nyingi za njano, zenye mkondo geu (AC). Nyaya hizo huingia kwenye rektifaya, kile kipande cha alumini chenye mapezi, ambacho hufanya kazi mbili: kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu (DC) ambao betri inauhitaji, na kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Sumaku haina swichi. Injini ikizunguka, umeme unazalishwa tu, na aina nyingi za rektifaya huutupa ule wa ziada kama joto. Ndiyo maana ina mapezi. Na ndiyo maana tope lililoganda kwenye mapezi yale ni adui. Yangu ilikuwa imevaa tope kama blanketi.

Nilipoliona tope lile nikakata shauri palepale kwamba rektifaya imeungua. Nilikuwa nimeshatafuta ya kubadilisha, imebaki kulipa tu. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya zile betri mbili.

Kwa hiyo kwanza koili. Nilichomoa soketi ya nyaya tatu za njano, nikapima ukinzani, kwa omu, kati ya kila jozi. Mita yangu ilisoma 0.6 kwa zote tatu, nikashtuka kidogo, hadi nilipogusisha ncha zenyewe kwa zenyewe zikasoma 0.3. Nyaya za mita nazo zina ukinzani wake, lazima uutoe. Zikabaki 0.3, sawasawa kwa jozi zote. Kati ya njano na bodi, hakuna njia kabisa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikawasha injini na kupima mkondo geu: volti zilipanda pamoja na resi hadi hamsini na kitu, zikiwa karibu sawa kwa jozi zote tatu. Volti hizo zinaweza kukurusha, kwa hiyo vidole mbali na chuma.

Koili nzima. Imebaki rektifaya, au sivyo?

## Simu ya dakika mbili

Namfahamu fundi mmoja mtu mzima ambaye hapendi maneno mengi. Nilimpigia kutaka tu anihakikishie kwamba nikanunue rektifaya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Nikamweleza yote: mchotaji, koili, omu, 12.9. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo 12.9 umepima wapi?"

"Kwenye betri."

"Kapime na pale inapotokea."

Akakata.

Nilirudi nyuma ya kwadi, nikakuna tope, nikachomeka pini nyembamba nyuma ya soketi ya rektifaya, kwenye waya mwekundu unaopeleka chaji. Injini ikinguruma kwenye mizunguko ile ile, taa zimewashwa kama mwanzo.

14.3.

Nikahamia kwenye betri. 12.9.

Nikarudi. 14.3.

Waya ni mmoja, mwekundu, haufiki urefu wa mikono yangu miwili. Mwanzoni una volti 14.3, mwishoni una 12.9. Volti 1.4 zimeshuka njiani.

Rektifaya niliyotaka kuitupa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Pengine hata betri ya kwanza niliyoitupa haikuwa na hatia.

Nilikuwa nimepima mahali pamoja nikadhani nimekipima chombo kizima.

## Kijani

Ukishajua kwamba volti zinapotea njiani, kazi iliyobaki ni kutembea nazo. Unaweka ncha moja ya mita pale zinapoanzia, nyingine unaisogeza mbele kidogo kidogo, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Mita haisomi tena 12 wala 14, inasoma kile kinachopotea kati ya ncha mbili. Waya mzuri unapoteza sehemu ndogo ya volti, 0.1 au 0.2. Nilisogea: 0.05. 0.06. Nikavuka soketi moja ndogo iliyojificha chini ya fenda, upande wa kushoto: 1.2.

Niliifungua kwa nguvu, ilikuwa imeng'ang'ana. Ndani, pini moja ilikuwa na unga wa kijani kama ule unaouona kwenye sarafu ya zamani iliyokaa ardhini. Tundu lililoipokea lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, na plastiki kandokando yake imelainika, ikapinda, ikaganda tena. Bado ilikuwa ya moto.

Chukua ampea kumi zinazopita pale, zidisha kwa volti 1.2. Wati 12. Joto lote hilo limejikusanya mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Joto linaongeza kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Hakuna siku moja ya kuharibika. Kuna miezi ya kuharibika.

Waya huo huo nilikuwa nimeupima wiki moja kabla! Niliweka mita kwenye alama ya mlio, nikagusa huku na huku, ikalia "pii", nikasema waya mzima. Lakini kwa kipimo kile mita hupitisha mkondo mdogo mno. Uzi mmoja wa shaba ukibaki umeshikilia, mita italia vilevile. Ni sawa na kuupima mti kama daraja kwa kupitisha kuku. Ilikuwa ni ile ile hadithi ya betri ya 12.05: niliiuliza ikiwa haijabeba kitu.

## Upande wa hasi

Nilikata soketi ile, nikaweka nyingine isiyoingiza maji, pini mpya nikazibana kwa koleo lake, nikajaza grisi ya kuzuia unyevu.

Halafu nikapima upande wa hasi pia, jambo ambalo nadhani wengi wetu tunaliruka. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha. 0.6. Bolti ya ethi, ile inayounga waya wa hasi na chuma cha kwadi, ilikuwa imekazwa barabara, lakini chini yake kulikuwa na rangi na kutu. Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikaikaza tena. 0.1.

Nikawasha, nikapiga resi, nikapima kwenye betri. 14.1.

Winchi nayo nimeibadilishia matumizi. Ikikaza mzigo mzito inaweza kula zaidi ya ampea 100, na hakuna koili ya kwadi itakayotoa hizo. Inayolipa ni betri. Sasa naivuta kidogo, napumzisha, injini ikiwa inanguruma. Na zile safari za dakika tano tano, za kuwasha, kusogea, kuzima, nazo ni za kutoa bila kurudisha, hasa feni ya rejeta ikiwa inazunguka.

## Harufu

Nilishaitembelea njia ya kwenda kwenye jibu mara nyingi bila kujua.

Kwa miezi mitatu, labda minne, kila niliposimama baada ya mwendo mrefu, kulikuwa na harufu hafifu ya plastiki iliyopata moto, karibu na paja la kushoto. Nilikuwa najiambia ni tope linalokauka kwenye ekzosi. Ekzosi ya kwadi yangu iko kulia.

Niliisikia. Nikaipa jina la kitu kingine, nikaendelea na safari. Hilo linanisumbua kuliko fedha za betri, kwa sababu kupima nimejifunza, lakini pua nilikuwa nayo tangu mwanzo.

Na kuna ile betri ya wiki tano. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa, sulfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye bamba zake huanza kuganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi zote. Kwa maneno mengine, niliichukua betri changa, nikaifunga kwenye chombo kinachoilisha nusu shibe mchana na kuinyonya usiku. Nimeichaji kwa utulivu, ampea 1.4, sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, mahali penye hewa kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Imerudi. Haijarudi yote.

Jana kwadi ilikuwa imetimiza siku kumi na moja bila kuguswa. Kabla ya kuwasha nilipima: 12.58. Nikabonyeza kitufe, ikashika mara moja, na wakati wa kushika volti zilishuka hadi 9.8. Sijui kama ilipokuwa mpya ilikuwa inabaki kwenye 10.2 au 10.6, kwa sababu siku ile niliifunga tu nikaondoka.

Nimebandika utepe mweupe ubavuni mwa betri na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, 12.58, 9.8, 14.1. Pamebaki nafasi ya mistari mingine kama sita.